Mwende na Sahani ya Bi Zuhura

Sisi tuliokulia Barani, mtaa wa Malindi, kabla simu hazijaingia mifukoni tulijua saa kwa pua. Harufu ya mahamri ikikupata kitandani, ni saa ya kuamka. Harufu ya moshi wa kuni mbichi ikichanganyika na dagaa, ni saa ya kurudi nyumbani kabla hujaitwa kwa jina lako lote. Kati ya harufu hizo mbili, siku ilikuwa mali yetu. Leo ukimwambia kijana, hebu nusa uniambie ni saa ngapi, atatazama skrini yake, kisha atakutazama wewe kana kwamba ndiwe uliyeishiwa na chaji.

Njia yetu ilikuwa ya mchanga mweupe, pana kiasi cha mkokoteni wa punda kupita na mtu mnene kujibanza ukutani. Upande mmoja kulikuwa na nyumba za mawe zenye mabati na baraza za saruji zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Upande wa pili tulikuwa sisi Wagiriama, kuta za udongo na mapaa ya makuti. Wale wa mawe tuliwaita Adzomba, yaani wajomba, ingawa simkumbuki mjomba aliyewahi kutuletea hata ndizi. Wao walituita Wanyika, watu wa porini, na hawakulisema hilo kwa heshima, ijapokuwa pori lenyewe lilikuwa mbali nasi sawasawa na lilivyokuwa mbali nao. Baadhi yao walijiita Waarabu na weusi wao ukishindana na wangu, lakini hayo hukuyasema kwa sauti. Ardhi tuliyokalia ilikuwa yao kwa karatasi na yetu kwa makaburi, na kila mtoto wa njia ile alijua jambo hilo kabla hajajua kufunga kifungo cha shati.

Hatukupigana. Tulikuwa tumegawana tu. Watoto wao walicheza mbele ya baraza zao, sisi tukacheza nyuma ya nyumba zetu. Shuleni tuliketi darasa moja, ila dirisha lilikuwa lao na mlango ulikuwa wetu. Kubwa kuliko yote lilikuwa chakula. Hatukula chao, hawakula chetu. Wao walisema vyungu vyetu haijulikani vimepikiwa nini, na babu yangu, Mzee Karisa, aliyekuwa mgema, hakuisaidia kesi yetu kwa kutundika vibuyu vya pombe ya mnazi mlangoni kama mapambo. Sisi nasi tuliambiwa kwamba ukila biriani ya Adzomba utamsahau mamako. Nilikuwa nikiinusa biriani ile ikipita na upepo, nikimtazama mama, na kujiuliza kama hasara ile haiwezi kuvumilika.

Mwenye nyumba yetu hasa hakuwa babu. Alikuwa bibi yangu, Dama, ambaye sote tulimwita Hawe, kwa kuwa ndivyo Mgiriama anavyomwita bibi. Hawe ndiye aliyenifundisha biashara inayonilisha mpaka leo. Alikuwa akimsikiliza mchuuzi mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa huruma kana kwamba amepewa habari ya msiba, kisha anaondoka. Hageuki. Anakwenda mpaka kwenye kona, na hapo ndipo sauti ya mchuuzi inamfikia, "Mama, njoo basi!" Nilidhani ni uchawi. Kumbe ni miguu tu.

Mwende alikuja tulipokuwa darasa la nne. Baba yake, Musyoka, alikuwa fundi mwashi kutoka Ukambani, na kazi yake ilikuwa kujenga majumba ya Wataliano kule ufukweni. Nyumba ikiisha, familia inahama. Mtoto yule alikuwa amebadilisha shule kama watu wanavyobadilisha kanga: Voi, Mariakani, Ukunda, na nyingine ambazo hata yeye alizichanganya. Walipanga vyumba viwili mwisho wa njia, vya Mzee Awadh, mtu wa upande wa mawe.

Siku yake ya pili alitukuta tunagombania mchezo wa rede. Mpira ulikuwa wa Salma, kitinda mimba wa Mzee Awadh, mpira wa tenisi uliotoka hotelini, wa kijani, na alikuwa ameukumbatia kama mtoto mchanga. Upande wao walikuwa watu watatu. Sisi tulikuwa wengi, ila mpira wetu wa makaratasi ulikuwa umelowa.

"Wewe, wa upande gani?" Salma akamwuliza.

"Upande wa nini?"

"Wetu ama wa hawa Wanyika."

"Mnyika ni mamako!" nikamjibu kwa niaba ya kabila.

Mwende akatazama huku, akatazama kule. "Mimi nimekuja jana tu. Nani ana mpira?"

"Sisi."

"Na nani ana watu?"

"Sisi," nikasema.

"Sasa mnabishana nini?" akasema. "Mmoja ana mpira hana watu, mwingine ana watu hana mpira. Mkikaa hivyo mpaka magharibi nani atakuwa amecheza?"

Nilihisi nimekutana na mtu wa kazi yangu. Tulicheza. Salma alituhesabia mara mbilimbili kila aliyegongwa, nami nikamhesabia yeye, maana imani haikuwepo. Lakini tulicheza hadi adhana, na tangu siku ile kulikuwa na mtu mmoja njiani kwetu aliyeingia nyumba zote bila kubisha na kutoka bila kushukiwa. Ubara wake ndio uliokuwa pasi yake. Hakuwa Mnyika, hakuwa Mjomba. Hakuna aliyekuwa na ugomvi wa zamani na Ukambani.

Tukicheza mdako, yeye na mimi, aliniambia anachotaka. Watoto wengine walitaka baiskeli. "Mimi nataka kukaa," alisema, akirusha kijiwe juu na kukidaka. "Hapa. Mpaka nimalize darasa la nane. Kila pahali nikifika, mbwa wananibwekea. Wakianza tu kunizoea, baba anasema nyumba imeisha. Nataka siku moja nikae pahali mpaka mbwa wachoke."

"Na nyumba ya Mtaliano ikiisha?"

"Wataliano ni wengi," akasema, na kwa hilo hatukuwa na ubishi.

Sasa nifike kwenye sahani. Msomaji wangu wa rika langu, ukiwa umezaliwa pwani huhitaji kuelezwa, lakini kuna vijana siku hizi wanaletewa chakula na pikipiki na kuirudishia pikipiki ile mifuko mitupu bila haya. Enzi zetu jirani akikuletea sahani ya chakula, sahani ile huirudishi tupu. Hata iwe ni sukari kiganja, hata limau mbili, lazima irudi na kitu. Kuirudisha tupu ni sawa na kumwambia aliyekutumia: chakula chako nimekiona, na urafiki wako siuhitaji.

Ramadhani ya kwanza ya akina Mwende ilipoingia, Bi Zuhura, mkewe Mzee Awadh, mama yake Salma, aliwapelekea wapangaji wake futari. Ilikuwa sahani kubwa ya bati yenye maua mekundu, imejaa kaimati na viazi vya nazi, imefunikwa kwa kawa. Mama Mwende alifurahi sana. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke msafi na mwenye adabu za kwao, kesho yake aliisugua sahani ile kwa majivu mpaka maua yakang'aa, akampa bintiye airudishe kwa shukrani nyingi. Tupu.

Nilikutana naye njiani akiwa ameikumbatia.

"Wapeleka wapi hiyo?"

"Kwa Bi Zuhura. Tumeshakula."

"Tupu?" Nilicheka mpaka nikaketi mchangani. "Wataka kumtukana mwenye nyumba wenu? Leo leo mtafukuzwa!"

Nilikuwa nafanya mzaha, lakini uso wake ulibadilika. Alisimama pale na sahani yake safi, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi nyuma, maana nyumbani kwao siku ile kulikuwa na unga na chumvi tu. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Ndipo Hawe alipoita kutoka uani.

"Kadzo! Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Nikamweleza. Hawe alikuwa amepika muhogo wa nazi, tui zito, pilipili mbichi mbili zimeelea juu, chakula chetu cha usiku. Aliutazama ule muhogo. Aliitazama ile sahani. Kisha akaupakua karibu wote.

"Hawe, hiyo yaenda kwa Adzomba," nikamnong'oneza.

"Mimi sipeleki kwa Adzomba. Mimi nampa Mwende. Mwende ana miguu yake, ataenda anakojua."

"Na wakiniuliza nani amepika?" Mwende akauliza.

"Waambie wale kwanza. Mtu akishakula, maswali hupungua."

Jioni ile Mwende aliifikisha. Salma, ambaye alikuwepo, amenisimulia mara nyingi. Bi Zuhura alifungua kawa, akaonja kwa kidole baada ya adhana, akafumba macho. Akamwuliza, "Mamako ametoka Ukambani lini, hata akajua kuukoleza muhogo hivi?"

"Si miezi mingi, Bi."

"Ehe. Mwambie mkono wake mzuri." Na sahani ikarudi kesho yake na tambi. Mwende akapeleka nusu kwao, nusu akaileta kwetu. Babu akazila tambi zile akidhani zimetoka kwa Mama Mwende, akasema wanawake wa bara wanajua kupika, na Hawe akageukia ukuta akacheka ndani ya leso.

Mwezi mzima ilikuwa hivyo. Muhogo, mbaazi, maboga ya nazi vilivuka kwenda upande wa mawe. Kaimati, mkate wa sinia, vitumbua vilivuka kuja upande wa makuti. Katikati alikuwa mtoto mmoja na sahani ya maua mekundu, anatembea kwa hadhari, ulimi umetoka kidogo kwa kujali tui lisimwagike. Nyumba mbili ambazo hazikuwahi kupeana hata maji ya kunywa zilikuwa zinalishana, na waume wa pande zote mbili wanasifu mapishi ya Ukambani. Nami nilikula vitumbua vya Adzomba na nikawa naendelea kumkumbuka mama yangu vizuri kabisa.

Siku ya mwisho ya mfungo Bi Zuhura mwenyewe alivuka njia. Mchana kweupe. Wanawake wa upande wetu waliacha vinu wakamtazama mtu aliyevaa buibui akiingia kwa mgema. Hawe alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Hakusimama, wala hakujificha.

"Hodi, Mama Dama."

"Karibu, Bi Zuhura. Sina kiti cha kukutosha."

"Hicho kigoda chatosha." Akaketi, buibui na yote. "Nimekuja kumwona aliyenifuturisha mwezi mzima."

"Mtoto amesema?"

"Mtoto hajasema kitu. Mimi nimezaliwa Malindi, Mama Dama. Huwezi kuniambia mtu wa Ukambani ndiye aliyekuna nazi ile. Nilijua siku ya kwanza."

"Na ukala?"

"Nikala. Na ungenitumia kwa jina lako, mume wangu angeimwaga, nami ningekaa nikimtazama akiimwaga. Sasa amekula mwezi mzima na hajafa."

Hawe alicheka, Bi Zuhura akacheka, na wanawake wale waliosimama mbali wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Mwende alikuwa mlangoni, ameshika ukingo wa kanga ya Hawe. Nadhani ndiyo siku niliyomwona akiwa mwenyeji kabisa. Hata mbwa wa Barani walikuwa wameshamchoka.

Idi ile tulivuka. Tuliingia nyumba za mawe kwa mara ya kwanza, miguu imeoshwa, tukapewa pilau, na Salma akanionyesha chumba chake kama mtu anayeonyesha shamba. Rede ikawa moja. Shuleni dirisha na mlango vikachanganyika. Wakubwa waliona watoto wao wanaingia na kutoka, wakaanza na salamu, "Subalkheri, Mzee Karisa," "Shikamoo, Bi Zuhura," kisha wakaanza kuazimana ngazi, kisha shoka, na mwaka wa pili Mzee Awadh alihudhuria matanga ya shangazi yangu, akaketi na babu mkeka mmoja. Sisemi ardhi iligawanywa. Ardhi haigawanywi na muhogo. Lakini watu walikuwa wameanza kuzungumzia hata hilo, bila kupandishiana sauti. Na kila jambo kama hilo ukilifuata nyuma, lilianzia kwa mtoto aliyebeba sahani.

Tulipokuwa darasa la sita ukafika mwaka wa kura, na maneno yakaanza kutembea. Hayakuanzia Barani. Yalikuja na magari yenye vipaza sauti, na watu wasiojulikana wakiacha vikaratasi chini ya milango. Yalisema pwani ni ya wenyeji. Yalisema watu wa bara warudi kwao kabla ya siku fulani. Tuliyasikia tukayadharau, kama mtu anavyodharau mvua ya kijiji kingine.

Halafu wazee wa njia yetu wakaitana. Mkutano ulikuwa barazani kwa Mzee Awadh, na jambo hilo lenyewe lilikuwa ajabu: Wagiriama wamekalia saruji ya upande wa mawe, magoti kwa magoti na wenye nyumba, wanakunywa kahawa chungu kwa vikombe vilevile. Salma na mimi ndio tuliozungusha kashata. Nilikuwa na fahari. Nilimwona babu yangu ameegemea ukuta ambao miaka michache nyuma asingeruhusiwa hata kuupitia karibu, na nikafikiri, tumefika.

Babu ndiye aliyesema kwanza. "Hawa wabara kura wanapiga hapa, na kwao wana mashamba. Sisi tukikosa hapa twenda wapi?"

"Ulivyosema ndivyo, Mzee Karisa," akajibu Mzee Awadh.

Mwingine wa makuti akaongeza, wa mawe akakubali. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Wazee wale waliokuwa wakibishana juu ya kisima, njia, mnazi uliodondosha nazi upande wa pili, hawakubishana hata kwa neno moja. Nilishika sinia ya kashata mpaka mikono ikaniuma. Jambo la kwanza ambalo pande zetu mbili zilikubaliana tangu dunia iumbwe ni kwamba Mwende aondoke.

Hakutajwa kwa jina, bila shaka. Walisema "wageni."

Hawe alimsubiri babu uani. "Mtoto yule ndiye aliyekutoa mkekani kwako akakuketisha baraza ile," akamwambia.

"Najua."

"Wajua, na umesema uliyosema?"

"Kura zikiisha watarudi. Ni kwa usalama wao, Dama."

"Usalama na nani? Si ni nyinyi?"

Babu akachukua kibuyu chake akaenda minazini. Kule ng'ambo, Salma aliniambia, Bi Zuhura alikataa kupika siku mbili, akasema mume wake akale kwa wenzake wa mkutano. Mzee Awadh alikwenda kwa Musyoka kwa upole sana. "Mimi sikufukuzi, fundi. Kodi yako hata siitaki. Nasema tu, likitokea la kutokea, siwezi kusimama mlangoni kwako." Musyoka alikuwa mtu wa kujenga kuta. Alielewa mara moja kwamba ukuta wake umeondolewa.

Mwende alikuja kwetu jioni. Hawe alikuwa anachambua mboga.

"Hawe, eti mimi mgeni?" Aliuliza kwa Kigiriama, safi kuliko changu.

"Nani amesema?"

"Wote. Safari hii wote wamesema neno moja."

"Njoo uketi ule, mwanangu."

"Sikuuliza chakula, Hawe."

Mkono wa Hawe ulibaki hewani na jani lake. Mwende akasubiri. Alisubiri muda ambao mpaka leo nikiufikiria natamani mtu mmoja aingie pale aseme lolote, hata upuuzi. Kisha akasema, "Kwetu kwenyewe sikujui. Nilitolewa kule nikiwa mgongoni," na akaondoka.

Walihama asubuhi, jua limeshatoka. Musyoka alikuwa amekodi pikapu. Na hapa ndipo pananiuma zaidi. Watu wote walitoka kusaidia. Wa mawe wakashika kitanda huku, wa makuti wakakishika kule. "Inua kidogo, Karisa." "Haya, Awadh, taratibu na kioo." Mmoja akaleta kamba, mwenzake akafunga. Sijawahi kuona kazi ikifanywa kwa ushirikiano mzuri namna ile katika njia yetu, wala sijaiona tena. Mama Mwende alishukuru kila mtu, mmoja mmoja, kwa adabu za kwao. Mwende alipanda juu ya magodoro. Salma akampa mpira wa kijani. Mimi sikuwa na kitu, nikampa mawe yangu ya mdako, ambayo angeyaokota popote. Hakulia. Alitutazama kama mtu anayepiga hesabu aliyokuwa na hakika ameipata, anarudia kuipiga, anaona jibu ni lingine.

Kura ziliisha. Hawakurudi. Hawe na Bi Zuhura waliendelea kupelekeana chakula wazi, kila mmoja kwa miguu yake, mpaka Hawe alipofariki, na waliomwosha walitoka pande zote mbili.

Miaka imepita. Nina duka la viungo sokoni Malindi, na mwaka huu mtoto wa kaka yangu ameolewa na mtoto wa Salma. Ndiyo, hao hao. Nikapewa kazi ya kutafuta mahema, na kwa kuwa wa Malindi wakisikia neno harusi bei hupanda kabla hujaketi, nikateremka mpaka Mtwapa. Nilielekezwa kwa mama mmoja mwenye miwani, amezungukwa na viti vya plastiki vilivyorundikwa hadi dari, akanitajia bei.

"Bei hiyo ni ya hema ama ya kiwanja, dada?" nikamwuliza.

"Mimi nimeshapunguza kabla hujafika, mama."

Nikasikitika kama kawaida, nikageuka kuondoka. Sikufika mlangoni.

"Nenda tu," akasema nyuma yangu, anacheka. "Hawe Dama alikuwa hageuki mpaka kwenye kona. Wewe unageuza shingo hapo hapo."

Alikuwa Mwende. Tulikumbatiana tukaangusha viti. Baadaye, juu ya chai, akanieleza kidogo kidogo. Walikwenda Mombasa, kisha Ukambani. "Kule wakatuita Wapwani. Kwa sababu ya Kiswahili chetu, na mama alikuwa anatia nazi kila kitu." Darasa la nane alilimalizia shule aliyokaa muhula mmoja. Watoto wake hawajui kama aliwahi kuishi Malindi. "Ningewaambiaje? Wangeuliza kwa nini tuliondoka."

Nikamwambia aje harusini. Nilimwomba kama ambavyo sijawahi kumwomba mteja.

"Nitaketi wapi, Kadzo?"

"Popote! Hakuna pande siku hizi. Wameshakuwa kitu kimoja."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Pande zilipokuwepo mbili, nilijua kazi yangu."

Kisha akanipa mahema kwa bei niliyotaka mimi. Nikakataa, nikamwambia anitoze yake. Akashusha zaidi. Nikapandisha. Wasaidizi wake walisimama wakatutazama, maana hawakuwahi kuona mteja anapandisha na mwenye duka anashusha, wote wawili macho yamejaa maji. Tukapatana bei ambayo hakuna aliyeitaka.

Harusi ilijaa. Vijana wa Mwende walikuja kufunga mahema asubuhi wakaondoka. Mzee mmoja alisimama na kipaza sauti akasema sisi wa njia hii hatujawahi kubaguana tangu zamani, tumeishi kama mtu na ndugu yake, na watoto wakampigia makofi huku wakimrekodi. Salma, aliyekuwa karibu nami, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwende alisemaje?" Nikamwambia ana kazi nyingi. Salma akainama akatengeneza ushungi wake, kwa muda mrefu kuliko ushungi unavyohitaji.

Enzi zetu kila mtoto alijua mpaka uko wapi na nani humwendei nyumbani. Siku hizi vitukuu vya mgema na wajukuu wa mwenye shamba wanakula sinia moja, kila mmoja na simu yake katika mkono usiokula, na ukiwaambia hapa palikuwa na pande mbili wanakuuliza kama unaweza kuwatumia habari hiyo kwa video fupi. Ni jambo zuri, wala siji kulishusha bei. Ila nimeshafanya biashara muda wa kutosha kujua kwamba kitu kikija mikononi mwako bila kukitolea jasho, yupo aliyekulipia. Wetu alikuwa mtoto wa darasa la sita. Alituunganisha, nasi tulipoungana tukamtoa. Na hakuwa ametuomba kitu kingine ila kukaa.